Dawa Iitwayo Bojo

Izimbya

Mjukuu wangu Koku,

Sisi hatujambo, kahawa tumeianika, na babu yako havui ile sweta uliyomtumia.

Umeuliza nani alinifundisha kusugua pembeni ya kidonda. Ni mama. Nilipokuwa mdogo nilianguka kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, goti likachubuka. Mama akanisugua muundi taratibu, akinibembeleza kwa neno la Kihaya la kutoa pole, "Bojo, bojo," mpaka maumivu yakapoa. Nikadhani bojo ni dawa. Kesho yake, kwenye zahanati, nikamwomba nesi anipe bojo. Hakunicheka. Alisema, "Hiyo hatuna kwenye chupa, mwanangu," kisha akanisugua palepale aliposugua mama.

Sasa unaniandikia kwamba ndani ya uti wa mgongo mishipa ya fahamu hukutana, na kwenye makutano hayo huachia kemikali, nyingine za kupitisha maumivu, nyingine za kuyatuliza, na kwamba kusugua pembeni ya kidonda huziamsha hizo za kutuliza. Kumbe chupa ilikuwepo, mgongoni mwangu mwenyewe. Nawashukuru wale wanawake wawili walioifungua bila kuiona.

Utakapokuwa daktari, mgonjwa akikuomba bojo, mpe.

Bibi yako