Jina Lako Lilisomwa Uwanjani

Santa Inés Yutandaya,
Oaxaca.
Novemba 19

Kwako Dada Zenaida,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mnaendeleaje nyote? Goti la Mama limepoa, au bado analalamika kila akipanda ngazi? Na Yaretzi, lile jino la mbele limeshaota? Mimi mzima, ila nimekonda, na mikono yangu imeota sugu ambazo Baba angezishika na kucheka sana. Mahindi tumeshavuna, baridi imeanza kuuma asubuhi, na lile sweta lako la kijani ndilo linaloniokoa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu huku inashika kwenye ngazi za kanisa tu, na pale hapakosi masikio. Tafadhali, barua hii usimsomee Mama mpaka mwisho. Utaona mwenyewe pa kuishia.

Umeandika kwamba Mama anasikia friji ikifunguliwa usiku, mlango unagonga, na akienda jikoni hakuna mtu lakini maziwa yamepungua. Anasema ni mimi. Umeliandika kama kichekesho, lakini nakujua, ungekuwa unacheka usingejaza ukurasa mzima. Mimi sikucheka. Nilikumbuka nilivyokuwa nikinywa maziwa kwa mdomo wa chupa na wewe ukinitukana, nikaogopa. Niliogopa kwa sababu huku pia yupo mtu wa namna hiyo, na wanasema ni wewe.

Ngoja nikueleze kazi yangu kwanza, maana kwenye simu huwa nakuambia niko sawa, basi. Kilichonileta unakijua. Baba alipoanguka katikati ya zabibu kwa lile joto akafa, tulikubaliana azikwe kwao, nami nikalisindikiza jeneza. Wazee wakalizuia kwenye lango la makaburi. Wakasema Fidencio aliondoka kabla ya kumaliza zamu yake ya kutumikia kijiji, na asiyetumikia hana kaburi hapa. Mwanawe akiishika zamu hiyo mwaka mzima, lango litafunguliwa. Nikaishika. Nilipovuka mpaka nilijua kibali changu cha kuishi California kimekufa, maana anayetoka haruhusiwi kurudi, na wewe ulijua, ndiyo maana pale uwanja wa ndege hukuthubutu kuniambia rudi salama. Baba akazikwa, mimi nikapewa fimbo ya topili.

Topili ni tarishi, mlinzi na mfagizi kwa pamoja. Nawaita watu kwenye mikutano, naamua ugomvi wa walevi, nafagia uwanja wa mpira wa kikapu mbele ya ofisi ya kijiji. Kimixteko changu, lugha ya huku, kinawavunja watu mbavu. Wananiita Gringo, yaani Mmarekani. Siku ya sikukuu nilipewa mbuzi nichinje, nikashika kisu kama kalamu, na mama mmoja akawaambia wenzake, "Mwacheni huyo, kwao nyama inazaliwa ndani ya nailoni!" Nilicheka nao. Kule niliitwa Mmexico, huku naitwa Gringo, nimeshazoea kuwa mtu wa upande wa pili.

Lakini kazi kubwa ya topili siku hizi ni nyumba. Dada, kijiji hiki kimejaa nyumba nzuri zisizo na watu. Waliojenga wako huko kwenu, wanachuma zabibu na kuosha vyombo, wakatuma fedha mpaka bati la mwisho, na funguo zikaachwa ofisini. Mimi ndiye ninayezunguka nikifungua madirisha, kutoa utando wa buibui, kuwasha taa kidogo nyumba zisisahau, kisha nafunga. Nimeona vitanda ambavyo bado vimevishwa nailoni ya dukani. Nimeona baiskeli ya mtoto ambayo mwenyewe sasa ana watoto.

Na ipo ya kwetu. Ile ya ghorofa, ya rangi ya waridi, ambayo Baba aliijenga kwa miaka yote ile ya kupogoa mizabibu na hakulala humo hata siku moja. Mara ya kwanza kukusikia humo nilikuwa jikoni chini, mchana kweupe, jua linaingia dirishani. Nikasikia juu nyayo za mtoto, peku, zikikimbia kwenye saruji kutoka ukuta hadi ukuta, pa pa pa, halafu kimya. Nikadhani ni watoto wa jirani wamepenya. Nikapanda nikiwa nimeshakunja uso wa kuwafokea. Sakafu ilikuwa na vumbi la majuma mengi, na vumbi lile halikuwa na alama hata moja isipokuwa za viatu vyangu.

Nilimwambia Bibi Tomasa, yule jirani aliyekuwa akisuka kofia za ukindu na Mama. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kusuka, akaniuliza kama mtoto huyo analia au anacheza. Nikamwambia anacheza. Akasema afadhali. Kisha akanieleza, kama mtu anayeeleza habari za mvua, kwamba ukimhamisha mtoto mdogo lazima ugeuke pale kwenye kijito, umwite jina lake kwa sauti, umwambie twende, usibaki, la sivyo kivuli chake hakitafuata. Siku ile ya kwenda kaskazini Mama alitoka alfajiri kwa siri. Mimi nilikuwa mgongoni, nalia, akaniita jina ili kuninyamazisha. Wewe ulikuwa unatembea, nusu usingizini, umeshika sketi yake. Aliogopa mbwa wasiamke, hakukuita. Bibi Tomasa alikuwepo, aliwasindikiza. Anasema alitaka kukuita yeye, lakini akikuita asiyekuzaa haisaidii kitu. Nyumba ya Baba ilikuja kujengwa juu ya kile kibanda chetu, na wewe ukiwa ndani yake.

Unanijua, mimi ni mtu wa piza na mpira wa televisheni. Nikajiambia ni panya, ni bati linatanuka kwa jua. Lakini nyayo hizo nimezisikia kwenye nyumba nyingine pia, Dada. Watu wazima walioko Fresno na Los Angeles, wenye ndevu na mikopo ya magari, huku bado wana miaka mitano na wanakimbizana ngazini. Tulipowasha mishumaa ya wafu mwanzoni mwa mwezi huu nilikaa kwa Baba mpaka ikaisha, na pale palikuwa shwari kabisa. Wafu wa kijiji hiki wamelala. Wanaotembea ni sisi. Siku hizi nikifika kwenye nyumba yetu nabisha hodi kwanza, nyumba ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwangu.

Sasa nikwambie ya Jumapili. Hapo ndipo pa kumwishia Mama. Mwambie karatasi imelowana.

Ulikuwa mkutano mkuu wa kugawa zamu za mwaka ujao, pale pale uwanjani, chini ya goli. Mzee Crescencio, mwenyekiti, akaleta hoja iliyokuwa ikinong'onwa tangu masika: hawa waliobebwa kwenda kaskazini wakiwa watoto, ambao sasa ni watu wazima, ni wa hapa au si wa hapa? Wenye kuhudumu wamebaki wachache, wazee watupu. Akasema kijiji hakiwezi kuwa na wenyeji wa kwenye picha. Kama ni wenyeji, waje washike majembe kama wengine, wanawake kwa wanaume. Kama si wenyeji, wafutwe, wasidai maji, nyumba wala kaburi.

Mama Amparo, ambaye wanawe wote wako kaskazini, alisimama na mtandio wake ukaanguka, hata hakuuokota. Alimuuliza mzee tangu lini mtoto wa mgongoni akachagua njia. Alisema vitovu vyao vimezikwa hapa, yeye mwenyewe alivifukia karibu na jiko, na kama mzee ana ubavu aje avifukue. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa kamati ya maji akajibu kwamba kitovu hakizibui bomba. Wengine wakacheka, wengine wakamzomea. Mtu akapayuka kwamba waliotangulia walifuata utaratibu, kwa nini hawa wapite mlango wa nyuma? Mwingine akasema hawana kosa, kosa ni la wazazi wao. Walibishana mpaka kivuli cha goli kikavuka uwanja.

Mimi nilisimama na fimbo yangu nikisikiliza, na maneno yale nilishayasikia yote. Ni yale yale ya ule mkutano wa hadhara wa huko kwenu Madera, wa kujadili vibali vyetu, ulionisimulia, neno kwa neno, lugha tu ndiyo imebadilika. Uliniambia ulivyosimama kwenye kipaza sauti ukasema uliletwa ukiwa na miaka sita, hukuulizwa, na huna kwingine pa kwenda. Na yule mwanamume mwenye kofia akakupigia kelele kwamba wewe mwongo, una kijiji, una nyumba ya ghorofa, ndugu yako yuko huko, rudi kwenu. Uliandika kwamba hukuumia kwa sababu alikutukana. Uliumia kwa sababu hakukosea.

Basi wakaamua. Majina yatasomwa nyumba kwa nyumba, na mwakilishi wa kila nyumba atajibu neno moja: atahudumu, au afutwe. Nyumba ya marehemu Fidencio mwakilishi wake ni mimi.

Barua yako ya mwisho naijua kwa moyo. Umechoka, umesema, kibali chako kiko tena mikononi mwa majaji, kila baada ya miezi michache watu usiowajua wanakaa kubishana kama wewe ni mtu wa pale. Umesema kijiji kikikuita utakuja, utahudumu mwaka wako, utaishi katika nyumba ya Baba na hakuna atakayekuuliza chochote. Umesema utamchukua Yaretzi kabla ya Krismasi, mtatoka usiku mtoto asije akawalilia marafiki zake, ataamka mkiwa njiani.

Nilisoma hapo, nikarudia, nikarudia. Yaretzi ana miaka sita. Hajui neno hata moja la Kimixteko, mwalimu wake anamwita kwa jina la utani, ana rafiki anayeishi ng'ambo ya barabara. Unataka kumtoa usingizini kama tulivyotolewa. Na ukishavuka, wewe hutarudi tena huko, hata Mama akiwa mahututi, kama mimi nisivyoweza kurudi.

Mzee Crescencio akasoma jina lako. Zenaida, binti wa Fidencio na Eufemia, kamati ya zahanati, kuanzia Januari. Watu wakanigeukia. Wengi walikuwa wanatabasamu, maana walijua wewe ni mwuguzi, walikuwa wanakuhitaji kweli.

Nikasema, "Afutwe."

Walidhani ni Kimixteko changu kibovu. Mzee akanirudishia swali kwa Kihispania, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto. Nikarudia. Akaniuliza kama dada yangu anajua. Nikamwambia anajua. Nilidanganya, Dada, mbele ya kijiji kizima, na huku nimeshika fimbo yao. Akapiga mstari. Mama Amparo alinitemea mate karibu na kiatu akasema nimekuzika ukiwa hai ili nirithi nyumba. Kwa kweli nyumba sasa ni yangu peke yangu, na kila mtu ataamini hivyo mpaka nife. Hata wewe unaweza kuamini hivyo. Sina cha kukuonyesha.

Ujue nilichokunyang'anya, nisikifiche. Huna maji hapa, huna shamba, huna zamu. Mama ataletwa alale kando ya Baba, mimi nitalala upande wa pili, na wewe hata ukifa hutaingia lango lile. Niliona wazee wale walivyomfanyia Baba langoni, hawabadiliki. Nimelia kwa ajili hiyo tangu Jumapili, na sioni aibu kukuambia.

Jioni ile nilikwenda nyumbani. Nilibisha hodi. Alikuwepo, anakimbia juu kama kawaida. Nilikaa kwenye ngazi nikamweleza nilichofanya, kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa tukiambiana siri mimi na wewe, halafu nikakumbuka kwamba huyu aliyeko juu hajawahi kuisikia. Kisha akaendelea kucheza.

Dada, nikasirikie. Nitukane kama zamani, niandikie matusi ukurasa mzima, nitayasoma kwa furaha. Lakini usije. Chukua kipaza sauti chao tena, na yule mtu wa kofia awepo, akae mstari wa mbele. Mwambie huna kwingine pa kwenda. Safari hii hutakuwa mwongo, mimi mwenyewe nimehakikisha.

Mpe Mama pole ya goti, mwambie mwanawe anakula vizuri. Mbusu Yaretzi akiwa amelala, usimwamshe. Wasalimie wote wa mtaani.

Nduguyo akupendaye,
Odilón