Kofia ya Ruta

Jumatatu, 6 mwezi wa kumi

Rezo ya internet imekufa tena saa ine ya asubuhi, kama wiki yote iliyopita. Nimevua ruta kitambaa chake, nimezima, nimehesabu mpaka mia, nimewasha, nimefunika tena, maana vumbi ya Goma haina huruma. Ikakimbia nusu saa. Ikalala.

Nimebadilisha kamba ya ruta. Bure. Nimepigia kampuni ya internet. Wanasema kwao iko sawa, tatizo iko kwetu. Kila mara tatizo iko kwetu.

Kazi ya biro yetu, ofisi hii ndogo, ni karatasi za forodha. Karatasi isipopanda kwenye internet, gari linalala mpakani Bunagana na muzigo wake. Mwenye muzigo anapigia shefu. Shefu ananipigia mimi. Mimi sina wa kupigia.

Jumanne, 7

Asubuhi inakimbia. Saa ine inakufa. Umeme ukikatika na kurudi, inafufuka kidogo, halafu inakufa tena. Nimeandika hayo yote chini kama mutu wa akili, na sioni kitu.

Shefu alisimama mulangoni kwangu, akasema mbele ya watu wote: mukataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na yeye hasaini na fundi ambaye ruta inamushinda. Miaka mitano nimeketi shuleni kwa ajili ya maneno kama hayo! Mama Nsimire, sekretere wetu, aliinamia uzi na sindano yake. Afadhali angecheka.

Bibi yangu Aline ana mimba ya miezi saba. Sijamuambia.

Alhamisi, 9

Nimeingia ndani ya ruta kuhesabu nani anaitumia. Biro ina watu sita. Nimekuta simu tisa.

Kumbe! Nyuma ya ukuta kuna wanafunzi watatu, kila siku wameketi juu ya mawe ya volkano, macho kwenye simu. Wanafika lini? Saa ine. Kode ya kuingia walipewa na nani? Nimeenda kwa Papa Kasereka, zamu wetu wa mulangoni. Muzee wa Butembo, amelinda hapa kabla yangu, kabla hata ya shefu. Hakukataa.

"Ni bana ba batu, banasoma," akasema. "Kwani rezo inaisha?"

Nilikasirika sana. Mimi nafukuzwa kazi, yeye anagawa! Nimebadilisha kode.

Ijumaa, 10

Kode mupya. Simu sita tu, nimehesabu mara mbili. Saa ine rezo ikakufa vilevile.

Basi si wanafunzi. Si Papa Kasereka. Niliandike hapa vizuri, nisije nikajidanganya kesho: nilijua.

Saa sita shefu akaniita. Hakutaka sababu, alitaka jina. Nikamupatia jina.

Jumatatu, 13

Papa Kasereka amefukuzwa. Amerudisha koti ya kazi ikiwa imekunjwa, na firimbi juu yake. Amezunguka biro yote akiaga. Mimi alinishika kwa mikono miwili, kama mutu wa nyumbani kwao. Nilimuambia niko na haraka.

Rezo: imekufa saa ine.

Jumanne, 14

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni Mama Nsimire alibeba kile kitambaa cha ruta kwenda kukifua. Leo ruta imeshinda uchi. Saa ine ikapita. Saa tano. Saa sita. Karatasi zote zikapanda, za leo na za wiki iliyopita. Nikagusa ruta. Vuguvugu. Siku zingine zote ilikuwa inachoma kama sufuria, na mimi nikafikiri ndiyo mashini zilivyo.

Kile kitambaa ni kofia ya sufu. Inashuka mpaka chini, imeziba matundu yote ya hewa, joto linapanda toka tunapoiwasha asubuhi mpaka saa ine. Na si Mama Nsimire aliyeifuma kwa akili yake, ni mimi nilimuomba mwezi uliopita. Kwetu Bukavu kila kitu kilivaa: televisheni ya baba ilivaa, redio ilivaa, hata termosi. Kitu cha maana hakikai uchi mbele ya vumbi. Nilimusifu, nikasema imeshika vizuri. Rezo ilianza kufa wiki ileile. Mashini inapumua kwa matundu yake, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mujinga ni mimi. Mujinga na mwoga.

Shefu alipita akicheka. "Unaona? Zamu ameondoka, rezo imepona."

Niligeukia ruta. Nikaipangusa vumbi.

Jumatano, 15

Mama Nsimire amerudisha kofia, inanukia sabuni, imepigwa pasi. Nimemuambia tuiache kwanza, ruta ionekane kwa wageni. Uwongo tupu. Akanitazama. Nimeificha kwenye droo.

Zamu mupya ni kijana wa Kibati. Hasalimii mutu.

Ijumaa, 17

Shefu amesaini. Miaka miwili. Aline amecheka, amelia, amepiga simu kwa mama yake. Mimi chakula kimenishinda.

Nimejiambia Jumatatu nitasema ukweli.

Jumatatu, 20

Sijasema.

Jumapili, 26

Tumekutana na Papa Kasereka njia ya Keshero, tukitoka misa. Alikuwa na bibi yake. Kazi hajapata, wanauza makala ya kupikia mbele ya nyumba. Alinisalimia yeye kwanza, akamubariki Aline na mimba yake. Halafu akauliza rezo iko namna gani.

Nikasema imepona.

 Akaangalia viatu vyake.

"Basi ilikuwa miye kweli," akasema. "Unisamehe, mutoto yangu. Sikujua kama inaisha."

Nikamuambia hakuna neno, papa. Mvua ilikuwa imeanza, Aline akafungua mwavuli, tukaenda.