Binti Yangu Anamwambia Dada wa Utafiti, Mimi Haniambii

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke, maana haya hata dada yangu wa tumbo moja sijamwambia. Mimi ni fundi wa kushona, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu univumilie. Nina binti mmoja tu, miaka kumi na tisa, yuko chuo mwaka wa kwanza, baba yake alituacha mtoto hajaota meno na tangu hapo tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja, nguo zake zote nimezishona mwenyewe, mtu akiniuliza rafiki yako ni nani nilikuwa namwonyesha yeye.

Sasa mwezi uliopita amekuja dada mmoja wa utafiti, ana kitambulisho shingoni na daftari kubwa, anasema wanawauliza vijana wanavyotumia simu, wanavyotumiana picha za siri na wapenzi wao na yanayowapata baadaye, karatasi akasaini binti kwa kuwa ni mtu mzima, mimi nikaambiwa kwa adabu zote, "Mama, tunaomba utupishe kidogo." Nikatoka, mshauri, nikatolewa kwenye chumba ninacholipia kodi mimi, nikakaa barazani na cherehani yangu. Amekuja mara tatu. Mara ya kwanza nikasikia wanacheka, nikasema haya. Mara ya pili nikagundua kila cherehani ikinyamaza na wao wananyamaza, basi mara ya tatu nikatoa uzi, nikatoa na kitambaa, nikawa nakanyaga polepole cherehani tupu, mguu kazini, sikio dirishani, ndipo nikamsikia mwanangu analia, "Alinibembeleza nikamtumia picha, sasa anasema nikimwacha atairusha kwenye grupu la darasa." Yule dada akamwambia, "Pole mdogo wangu, mwenye kosa ni anayekutisha. Mama anajua?" Akajibu, "Mama? Thubutu! Ataumia, halafu ataanza kelele mpaka mtaa mzima ujue."

Mshauri, habari ya picha iliniuma, sikatai, lakini kilichonichoma ni ile "mdogo wangu". Mdogo wake tangu lini? Alikuwa wapi huyo dada siku mwanangu ana degedege na mimi nakimbia peku naye mgongoni? Leo ndiye wa kumfuta machozi! Na tangu hapo nyumbani ni dada kasema hivi, dada kasema vile, mpaka jirani yangu, mdomo wake hauna breki, ananiambia, "Shoga, naona umepata mke mwenza wa kulea." Nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango.

Basi jana simu ya binti ikaanguka ikapasuka kioo, nikamwambia lete nikupelekee kwa fundi, akanipa bila wasiwasi. Nikafika kwa fundi simu wa pale kona nikamwambia weka kioo, na namba ya siri nayo uivunje, nataka nisome mwenyewe anachomwandikia huyo mvulana na huyo dada. Fundi akatabasamu, "Niachie mpaka kesho jioni, mama, utaona kila kitu. Si ya yule binti mrefu?" Nikasema ndiyo. Na leo tangu nimeamka moyo unanidunda, sindano imenichoma mara mbili. Niisome kwanza ndipo nimkabili binti, au niende ofisini kwa yule dada nimwambie azae wa kwake?

Ni mimi, mama mwenye wivu.

JIBU

Mama, acha kushona. Ujumbe wako umeingia asubuhi hii na sikuupanga foleni. Wewe nakujibu sasa hivi, wasomaji watasoma baadaye.

Moyo unakudunda kwa sababu umeshajua ulichofanya. Mwanao anatishiwa na mtu mmoja kwamba picha yake itaonwa, na wewe umeibeba kwa mikono yako ukampelekea wa pili. Tena ukamthibitishia ni binti yupi! Nenda kwa fundi sasa, kioo kiwe kimewekwa au hakijawekwa. Mwambie kazi ya kufungua umeifuta. Usiondoke bila simu, laini na kadi ya kumbukumbu. Akisema "bado kidogo", kaa kwenye benchi lake, mkodolee macho mpaka akupe.

Wivu wako sikulaumu. Umelea peke yako, halafu mgeni anafika na daftari anapewa yale uliyoyataka wewe. Inauma. Lakini yule dada hakukuibia mtu. Aliuliza, akanyamaza, akasikiliza. Wewe umemsikia mwanao analia, na ulichoshika ni nani kaitwa mdogo wa nani. Mtoto anazama, mama anagombania vyeo!

Ofisini kwake usiende kugomba. Aliahidi kutunza siri, na akiivunja kwa ajili yako binti atabaki hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Huyo kijana asibembelezwe wala asilipwe kitu, maana akipewa leo kesho atataka zaidi. Ujumbe wake wa vitisho usifutwe hata mmoja. Huo ndio ushahidi wa kupeleka kwa mshauri wa wanafunzi chuoni na polisi. Binti akikubali, mfuate huko, ukae pembeni yake, na maswali ajibu yeye.

Lakini kabla ya hayo yote, mrudishie simu na umwambie ukweli kwa mdomo wako: ulitega sikio, na simu uliipeleka ifunguliwe. Usiishie kwenye kioo. Atakasirika, pengine siku mbili hatakusemesha. Mvumilie, na swali la picha usimwulize wewe. Mwache alilete mwenyewe. Na ukifika mbele yake ukaona aibu, ulimi mzito, maneno hayatoki, basi hapo ndipo utakapoelewa kwa nini na yeye alishindwa kukuambia.