Mkwe wa Kwenye Televisheni

Mkonze, Dodoma
4 Mei 2025

Mwanangu Penina,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi nipo, mgongo unanisumbua kidogo, lakini zabibu tumeshapogoa. Mama yako mzima, ila hana raha tangu ile barua ya posa iletwe. Wewe na kazi yako ya uuguzi mnaendeleaje?

Nisizunguke. Barua ya huyo Travis wako nimemrudishia mshenga, mzee Joshua, bila kuifungua. Umesema kwao ni milimani huko Kentucky. Mwanangu, watu hao tunawaona kila Jumatano kwenye ile tamthilia ya Kimarekani iliyotiwa sauti za Kiswahili. Wanapika gongo msituni, wanaoana binamu kwa binamu, bunduki haiwatoki mkononi, na meno hawana. Juzi mtu kampiga risasi shemeji yake kwa ajili ya nguruwe! Ungeniletea mtu wa New York nisingesema neno. Huyo, hapana. Nakupenda, ndiyo maana nakataa.

Mdogo wako Yudith ataipiga picha barua hii akutumie. Mambo mazito sipendi kuyasema kwa kubonyezabonyeza simu.

Baba yako,
Bartolomayo

Kentucky
19 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Kazi ya kuinama waachie vijana. Mimi mwili mzima. Moyo ndio unauma, sitakuficha.

Tamthilia yenu nimeitazama na Travis. Mwanzoni alicheka, kisha akainuka akaizima. Waigizaji si wa huku, hata milima ile si ya huku. Yeye ni fundi umeme, meno anayo yote, na pombe haonji. Ila siwezi kusema kila kitu ni uongo. Migodi ya makaa ya mawe ilifungwa, kazi zikaisha, na kaka yake alikufa kwa dawa za kulevya. Hayo hamkuonyeshwa, maana hayachekeshi.

Baba, nilipokuwa chuo Dar es Salaam, nikijitaja kuwa Mgogo, wenzangu walininyooshea viganja: "Naomba, dada, naomba!" Walijifunza kwenye vichekesho vya televisheni, ambamo Mgogo ni ombaomba tu. Miaka yote sikukwambia, nilitaka usiumie. Travis nilimsimulia, akanielewa papo hapo, sikuhitaji kurudia.

Sitaolewa bila baraka yako. Na yeye sitamwacha. Kwa hiyo nitakaa hivi hivi.

Mwanao,
Penina

Kentucky
30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Wiki sita hujaandika. Mama anasema siku hizi Jumatano televisheni huiwashi. Unaumwa? Nijibu hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Mwanao,
Penina

Mkonze, Dodoma
10 Agosti 2025

Mwanangu Penina,

Marahaba. Siumwi, na hapa wote tunakula na kulala. Kila nilipoanza kukuandikia, nilichana.

Mwezi uliopita tulikwenda Dar kwenye harusi ya binti wa mjomba wako Lameck. Mshereheshaji alipoutambulisha ukoo wa Dodoma, akasema, "Leo wamekuja kutoa jamani, hawakuja kuomba!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, Penina, tena kwa sauti. Aibu ilinijia baadaye, nimeshika sahani ya pilau. Mama yako hakucheka. Nikajiuliza ni mara ngapi na wewe ulijichekesha hivyo, kisha ukaenda bwenini kulia peke yako. Nisamehe sana, mwanangu.

Tena nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Babu yako aliomba kweli. Mwaka mvua zilipokataa, alitembea hadi stesheni akaomba chakula kwa abiria wa treni, akarudi na unga kwenye kofia yake. Mimi nipo hai kwa sababu ya unga ule. Nimemficha mzee wangu maisha yangu yote kwa kuogopa kuchekwa.

Barua ya Travis nimemwomba mzee Joshua airudishe, nikaisoma. Kiswahili chake kibovu, ila kaandika mwenyewe, inaonekana.

Usishangilie, sijakubali. Niliyemkataa mimi ni mtu wa kwenye televisheni. Huyu wako simjui. Mlete Desemba nimwone. Nikimkataa, niwe nimemkataa yeye.

Baba yako,
Bartolomayo