Kadi Uliyoifunga kwenye Transfoma

Kaka yangu Twalibu,

Wewe umepumzika, lakini mimi sipumui mpaka nikwambie. Leo nimetiwa aibu dukani!

Mwanao Salma kaniletea kutoka Marekani mashini ya kukandia unga, maana mikono yangu ya mahamri imeanza kugoma. Ya huko yataka stima nusu ya hii yetu, hilo ulinifundisha. Nikenda mjini nikanunua transfoma ya kuipunguza. Boksi limeandikwa wati elfu moja, kwa herufi kubwa kama mlango. Mashini yataka mia nane. Nikasema yatosha na kubaki. Wallahi unga haujashikana, moshi! Transfoma imeyeyuka kama halua juani. Alhamdulillahi mashini yenyewe haikufa.

Nikairudisha. Muuzaji akanitazama juu ya miwani: "Mama, hukusoma kitabu?"

"Kitabu gani? Hiki chenye lugha chungu nzima na hata moja haisemi na mimi?"

Akafunua mpaka nyuma kabisa, herufi kama mayai ya chawa: kwa kazi ndefu, tumia nusu tu. "Imeandikwa, mama."

"Imefichwa! Kilichoandikwa ni hiki cha kwenye boksi!"

Watu wakacheka, nami nikazidisha, wewe wanijua. Lakini kaka, kufika nje, nikajiona mjinga kweli.

Ndipo nikakukumbuka. Kwenye kijiduka chako cha Ndia Kuu, hakuna transfoma uliyoitengeneza ikatoka bila kadi kufungwa kwa uzi kwenye mkono wake wa kubebea. Na kabla hujafunga, sauti yafika jikoni: "Zube! Njoo usome!" Mimi niliyeishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Nikikwama, unafuta, unaandika upya. Siku ya yule bibi wa Kizingo mwenye friji kama kabati la harusi, ulifuta mara nne, naye nje anapiga honi.

Nikakwambia, "Mpe aende zake, kaka. Mjinga ni mimi."

Ukasema, "Mjinga ni aliyeandika." Ukaifuta tena.

Basi nimerudi nyumbani, nikaivuta mvunguni ile transfoma yako nzito ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa. Nikaipangusa vumbi. Kadi ingali pale: "Mashini moja ya jikoni, isizidi elfu na mia mbili. Usitie pasi pamoja nayo. Ikiwa moto hata mkono hauvumilii, zima." Na chini, kama kwenye zote: "Zubeda amesoma, amefahamu."

Miaka yote nilidhani wewe wanifanyia mzaha. Kumbe kazi yako ilikuwa haijesha mpaka mimi nifahamu! Na hao wenye viwanda vyao vikubwa wameshindwa kutafuta Zubeda mmoja?

Nakuandikia mashini ikikanda, na transfoma yako imepata joto la paka tu. Kesho kadi hii naenda nayo kwa yule wa miwani, aione. Kuishika, hashiki.

Mola akulaze pema, kaka.

Dadako, aliyesoma akafahamu,
Zubeda