Redio ya Mzee Elisante

Neema mjukuu wangu, marahaba. Bibi yako hajambo, bado ananigombeza.

Unauliza kama namjua "mlinda lango wa habari" mnayefundishwa chuoni, yule anayeamua habari zipi ziwafikie watu. Namjua sana! Hapa Akheri alikuwa Mzee Elisante, mwenye redio pekee kijijini. Alisikiliza peke yake ndani, kisha akatutangazia. Siku moja akasema, "Serikali imeagiza vijana wachimbe mfereji." Mfereji wenyewe ukaelekea migombani kwake! Tulichimba siku tatu, maharage ya mama yangu yakikauka bila maji. Nikanyemelea kuichungulia ile redio: haikuwa na betri hata moja!

Nikakimbia kuwaambia wenzangu. Wakanifokea mimi: "Mshamba wewe, unabishana na redio?"

Hasira ninayo hadi leo. Kesho yake nilichimba nao.

Babu yako aliyeishia darasa la tano