Siku Tuliyotoka Nje na Torati

Scarborough, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Na Baba, bado anakataa dawa? Sisi hapa wazima. Baraka anarefuka tu, ila nikimsemesha Kiswahili mwanangu ananijibu Kiingereza.

Mama, wiki hii nimepata hofu ambayo sijawahi kuipata tangu nije huku. Nilikuambia nasafisha sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, na kwamba chini kuna makumbusho madogo: vinara vya Sabato, vikombe vya fedha, vitambaa vya kufunikia mikate. Anayevitunza ni Bi Miriamu, mama wa rika lako.

Jumanne asubuhi simu ya ofisini ililia. Karani akapokea, mara akapiga kelele, "Tokeni wote! Anasema ametega bomu!"

Nikashuka mbio kumwita Bi Miriamu. Nikamkuta anahangaika na kufuli la kabati lenye gombo la Torati, vitabu vya Musa vilivyoandikwa kwa mkono. Lilitoka mji wa baba yake, Polandi. Wayahudi wa mji ule waliuawa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, gombo likabaki.

"Mama, tuondoke!"

"Tangulia, binti yangu. Hili siliachi."

Nilitangulia kweli. Nikafika ngazini namwaza Baraka, atalelewa na nani. Ndipo nikasikia funguo zinaanguka sakafuni. Nikarudi. Si ushujaa, Mama, nilikuwa nalia. Nikaziokota, nikafungua, akalikumbatia gombo kama mtoto mchanga, nami nikamshika kiunoni tukapanda.

Polisi walitufokea. Tulisimama kwenye theluji, yeye hana hata koti, mpaka mbwa wao wakamaliza kunusa kila chumba. Hapakuwa na bomu. Watu wakakumbatiana, wengine wakacheka. Na aliyepiga simu hajakamatwa mpaka leo.

Jana nilirudi kazini. Siku hizi mlango unafungwa kwa ndani. Bi Miriamu alichungulia kwanza, kisha akafungua.

"Nilidhani hutakuja," akasema.

"Hata mimi," nikamjibu.

Usimsomee Baba habari hii, moyo wake hauna nguvu. Nisalimie dada Adela, na shangazi aliyenisuka siku ya safari, na mjomba wa cherehani.

Jioni ukiwasha jiko, huku ndiyo kwanza naingia kazini. Niombee saa hiyo.

Mwanao,
Neema